Maswali ya Wasomaji: Wajapani waligombania nini kwa Wamongolia?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nafundisha historia katika sekondari moja hapa Moshi. Niliposema darasani kwamba Japani nayo ilitawala Wamongolia, mwanafunzi akauliza kwa nini maofisa wake wenyewe walivutana. Nilikwama. — Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, mvutano huo ulianza mara Japani ilipounda dola ya Manchukuo, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1932 na kuwatengea Wamongolia wa mashariki majimbo ya Xing'an. Wapo maofisa walioamini kwamba wafugaji hao wangeitii Japani iwapo malisho yao yangelindwa yasilimwe na Wachina. Wengine, hasa wanajeshi, walimshuku kila kiongozi wa Kimongolia mwenye sauti. Aprili 1936 Jeshi la Kwantung, yaani jeshi la Japani lililokuwa Manchukuo, lilimuua Ling Sheng, gavana wa Xing'an Kaskazini, kwa madai ya kushirikiana na Wasovieti.

Kwa Wamongolia wa magharibi mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwanamfalme wao Demchugdongrub alitaka Wamongolia wajitawale, lakini kikosi cha jenerali wa Japani Tojo Hideki kilipoteka miji ya Kalgan na Datong mwaka 1937 ziliundwa serikali tatu, na ya Wamongolia ilikuwa moja tu. Jeshi la Kwantung liliitazama nchi ile kama ngao dhidi ya Wasovieti. Waliokuwa wakiisimamia China ya Kaskazini waliiona ni kipande cha China. Na wote walimezea mate makaa ya mawe ya Datong na chuma cha Longyan. Septemba 1939 serikali zote tatu ziliunganishwa, ingawa Demchugdongrub hakupenda, kwa kuwa ndani ya muungano huo wakulima wa Kichina waliwazidi Wamongolia mara nyingi.

Hapo Moshi mnaijua hali ya serikali moja kuwa na sauti mbili: miaka ya 1920 mkuu wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga walime kahawa huku walowezi wakimpinga. Tofauti ni kwamba wapinzani wa Dundas hawakuwa na jeshi.

Mwalimu, waonyeshe wanafunzi bendera ya muungano ule wa mwaka 1939. Ina milia ya manjano ya Wachina, ya buluu ya Wamongolia na myeupe ya Waislamu, kila rangi ikijirudia juu na chini, na katikati kabisa umekaa mlia mmoja mwekundu, wa Japani. Mwaka 1941 Demchugdongrub alikubaliwa kuiita nchi hiyo Dola ya Mongolia yenye Kujitawala, lakini mipaka, migodi na washauri wa Kijapani vilibaki palepale.