Kanga na paa wa kuuza hotelini, leseni ya Bara haitoshi

Salam ndugu yangu, umeuliza kama leseni ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori ya Bara) ya shemeji yako wa Dar inatosha nyie vijana wa Makunduchi mtege kanga na paa muuzie mahoteli. Haitoshi! Wanyamapori si mambo ya Muungano, sheria ya Bara ya 2009 inaishia huko huko, huku kwetu Zanzibar tuna Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996 na kibali chake kinatoka Idara ya Misitu, kwa hiyo anzeni kwa sheha wenu (kiongozi wa shehia) halafu muende Misitu kabla hamjanunua hata kamba. Kusajili biashara BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar) na kuchukua namba ya mlipakodi ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar) ni lazima pia ila hizo karatasi hazikupi ruhusa ya kukamata mnyama hata mmoja, watu wengi wanachanganya hapo.

Na kitanzi tafadhali wachaneni nacho, hakichagui, unategea kanga ananasa paa nunga, aina ya paa aliye adimu, na huyo duniani kabakia hapa Unguja na pwani ya Kenya tu, inaniuma sana wallahi. Jozani msiguse kabisa, ile hifadhi ya taifa. Mkitaka nyama ya kuuzia hoteli kila wiki, fugeni kanga, waulizeni Misitu hilo hilo siku mkienda.