Maswali na majibu: Daftari la zahanati linatuambia nini?

Shikamoo. Zahanati ya mtaani kwetu wametangaza kwamba wagonjwa wa malaria wameongezeka maradufu mwezi huu. Tuogope? (Mama, Igombe)

Marahaba, mama. Kwanza uliza waliopimwa walikuwa wangapi. Vipimo vya haraka vikiisha, malaria hushuka kwenye karatasi. Vikiletwa, hupanda, na mbu ni walewale. Wakipimwa watu 100 wakakutwa nayo 10, kisha mwezi unaofuata wakapimwa 200 wakakutwa 20, hali haijabadilika. Wakitoka 10 hadi 30 katika kila 100, hapo lipo jambo. Hata hivyo, mtoto akichemka mpeleke siku hiyohiyo, takwimu ziseme zitakavyosema.

Kila nikienda hospitali naulizwa naishi mtaa gani. Mimi nimefuata dawa, mtaa wangu unawahusu nini? (Mchuuzi wa dagaa, Mwaloni Kirumba)

Unahusu sana, ndugu yangu, pengine kuliko kitu kingine utakachosema pale dirishani. Maelezo yako huandikwa katika kitabu cha wagonjwa wa nje, kile kikubwa ambacho wahudumu hukiita MTUHA namba 5: jina, umri, jinsia, unakoishi, ugonjwa. Mwisho wa mwezi mtu hukaa akahesabu mstari kwa mstari, na jumla zikapanda hadi wilayani na mkoani.

Sasa fikiria wamekuja watu sita wanaoharisha maji. Kwenye safu ya makazi wote wameandikiwa "Mwanza" tu. Afisa afya aanzie wapi? Wangeandikiwa mtaa na kitongoji, angeona kwamba wanne wanachota maji sehemu moja ya ziwa, na dawa ya kutibu maji ingefika huko jioni ileile. Mwaka 1854 huko London, daktari John Snow aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani, vikaonekana vimezunguka pampu moja ya maji. Aliwezaje? Alijua kila marehemu aliishi wapi. Kwa hiyo taja mtaa, hata jina la mwalo. Na mhudumu akiandika "Mwanza" peke yake, mwombe kwa heshima aongeze.

Natumia dawa za VVU. Jina langu linapelekwa Dodoma? (Msomaji, Nyamagana)

Ripoti ya mwezi inayotoka kituoni hubeba jumla, si majina. Taarifa za afya yako zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtumishi akizitoa nje, una haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usiache dawa kwa hofu hiyo, tafadhali.

Huku visiwani watoto wana matumbo makubwa, lakini tunaambiwa kichocho ni kidogo hospitalini. Nani mkweli? (Mwalimu, Ukerewe)

Mwalimu, amini macho yako. Hospitali humhesabu aliyefika. Kichocho cha utumbo, tunachokipata ziwani kupitia konokono, hukaa mwilini miaka bila kumlaza mtu. Wengine huenda hospitali ini na bandama vimeshaharibika, wakitapika damu. Ndiyo maana wapimaji huwafuata watoto shuleni na kupima kinyesi chao, na dawa ya prazikwanteli hugawiwa huko huko. Siku ya ugawaji, hakikisha pia wanaotoroka vipindi kwenda kuvua wanaitwa.

Mwananchi wa kawaida anaweza kuziona takwimu hizi?

Anaweza. Kamati ya afya ya kituo ina wawakilishi wa wananchi. Mtafute wa kwenu, umwombe asome za miezi mitatu kwenye mkutano wa mtaa.