Umealikwa kula kwa watu wa utamaduni mwingine? Angalia mikono ya wenyeji kwanza

Juzi msomaji mmoja kanitumia meseji, anafanya kazi kwenye kampuni ya Wakorea na bosi wake kawaalika nyumbani chakula cha jioni Jumamosi hii, anauliza afanyeje asije akaaibika mbele za watu. Nimeisoma mara tatu ile meseji maana imenitonesha kidonda ambacho nilidhani kimeshapona.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kwa familia ya Kijapani. Nilijiandaa kweli kweli, wiki nzima kila usiku nakaa na vile vijiti viwili vyao vya kulia nahamisha vifungo vya shati kutoka bakuli moja kwenda jingine mpaka vidole vinauma. Siku ikafika, nikala vizuri tu, nikajiona nimeweza. Sasa katikati ya chakula nikataka kupokea kikombe cha chai, mikono imejaa, nikachomeka vijiti vyangu wima kwenye bakuli la wali. Meza nzima kimya. Mama mwenye nyumba akanyoosha mkono polepole, akavichomoa, akavilaza pale kwenye kile kibao kidogo cha kuwekea vijiti, akanitabasamia na kuendelea kuongea. Hakuna aliyeniambia kitu.

Nilikuja kujua kesho yake ofisini, tena kwa kuchekwa. Kumbe kwa Wajapani wali wenye vijiti wima ni wa kumwekea marehemu, ndo wanavyofanya msibani. Na pia hupitishi chakula kutoka vijiti vyako kwenda vijiti vya mwenzio, kwa sababu baada ya kuchoma maiti ndugu huokota mifupa kwa vijiti, na huwa wanapokezana hivyohivyo. Aliyenicheka ni mwenzangu aliyenipeleka kule, na alikua anajua yote hayo. Alikua amekaa pembeni yangu kabisa, angenigusa goti tu ningeelewa. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko hata kosa lenyewe.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu, nikikaa meza ya watu sigusi kitu mpaka nimeona mikono ya wengine inafanya nini. Na umenisaidia. Nilikwenda kwa familia ya Kiethiopia, injera, ule mkate wao laini kama chapati, imetandikwa kwenye sinia moja, kila mtu anamega upande wake kwa mkono wa kulia. Mara mama mwenyeji akakunja tonge kubwa, akalipeleka mpaka mdomoni kwa mzee mmoja, yule mzee akafungua mdomo akala. Kwa hiyo ilipofika zamu yangu nilikua tayari, nikapokea kwa mdomo. Wanaita gursha, ni kulishana kwa upendo na heshima, ukikataa unamvunja moyo aliyekulisha. Yule mama alifurahi mpaka akanipa na la pili, na mimi kwa kweli nilijisikia fahari sana siku ile.

Sasa ndugu zangu, acheni kukariri zile orodha za intaneti za adabu za mezani halafu mnaenda mnajiamini. Mjapani ananyanyua bakuli la wali karibu na mdomo, Mkorea analiacha mezani, ukichukua ya huku ukapeleka kule umeharibu. Japani kubakiza punje za wali kwenye bakuli haipendezi, ila kwa Wachina wengi ukimaliza kila kitu mezani mwenyeji anaweza kuona hajakushibisha. Ufaransa nako mikono inakaa juu ya meza, ukiificha mapajani unaonekana wa ajabu. Hizi tabia zina mizizi, zingine zimetoka msibani, zingine kwenye njaa, zingine kwenye dini, huwezi kuzibeba zote kichwani. Ndo maana narudia, angalia kwanza. Subiri, angalia, halafu kula.

Kwako wewe wa Jumamosi. Ukifika kaa unapoelekezwa, usijichagulie kiti. Usianze mpaka mkubwa kuliko wote ameshika kijiko chake. Wali na supu unakula kwa kijiko, vijiti ni vya vile vitoweo vya pembeni, na usivichomeke wima kwenye wali kule pia. Mkubwa akikumiminia kinywaji shika glasi kwa mikono miwili, na wewe ukimmiminia fanya hivyohivyo. Na ukiona mfanyakazi mwenzako aliyekaa pembeni yako anataka kukosea, mguse goti.