Usimpelekee mfiwa ujumbe asiouomba

Dada yangu, unasema tangu uanze kusali na Waspirichualisti (waumini wanaoamini kwamba roho za wafu huzungumza na walio hai) huko Uingereza unamwona marehemu mama wa mfanyakazi mwenzako, na unauliza kama umfikishie maneno yake. Usimfikishie, mpaka akuombe mwenyewe. Mfiwa ana kidonda kibichi. Ukimzukia na habari za mama yake utamtonesha, nawe huna namna ya kuthibitisha ulichokiona.

Imani uliyoichagua yenyewe inakubana. Katika misingi yake saba umo wajibu wa mtu binafsi: utakalolisema ni lako, huwezi kumtwika roho. Na historia yake ina uchungu. Ilianza mwaka 1848 katika jimbo la New York, akina dada Fox walipodai kwamba wafu huwajibu kwa kugonga. Mwaka 1888 Margaret, mmoja wa dada hao, alikiri hadharani kwamba milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vyao vya miguu (mwaka uliofuata akaukana ungamo huo). Sikuiti mwongo, dada. Nachelea tu kwamba hata moyo safi hujidanganya, hasa unapotamani sana kumfariji mtu.

Akikuomba, sema "nimehisi", usiseme "mama yako kasema". Ya ugonjwa na kifo yaache kabisa, na pesa zake usipokee.