Miisho Miwili ya Usiku Mmoja

Swali lenu la wiki hii, "Je, filamu iliyotokana na riwaya ina haki ya kubadili mwisho wa riwaya?", limenigusa mahali nilipodhani pamekwisha kupona. Nilikusudia kujibu kwamba haina haki hiyo hata kidogo, na mfano wangu ungekuwa The Twelve Chairs, filamu ya vichekesho ya Mel Brooks ya mwaka 1970, ambayo hata wapenzi wa Brooks huiruka wanapohesabu kazi zake. Kabla yake alikuwa ametoa The Producers, iliyompatia tuzo ya Oscar ya uandishi wa filamu, na mwaka 1974 zikafuata kwa mkupuo Blazing Saddles na Young Frankenstein. Hii ya katikati, iliyopigwa Yugoslavia, ikafunikwa. Inaniuma, kwa sababu katika zote hizo sijaona yenye huruma kuipita.

Kwa wasioijua, inatokana na riwaya ya kejeli ya Warusi wawili walioandika pamoja, Ilya Ilf na Yevgeny Petrov, iliyotoka mwaka 1928. Ippolit Vorobyaninov, kabaila mwenye cheo kabla ya mapinduzi na sasa karani wa kawaida wa serikali, anaambiwa na mama mkwe wake aliye katika kukata roho kwamba alizishonea almasi zake ndani ya kimoja cha viti kumi na viwili vya nyumba yao ya zamani. Viti vimekwisha kutaifishwa na kutawanyika nchi nzima, na msomaji aliyekulia katika miaka ya Azimio la Arusha hahitaji kuelezwa neno hilo. Vorobyaninov anashirikiana na tapeli kijana, Ostap Bender, huku padri Fyodor, aliyeisikia siri katika maungamo ya marehemu, akinyoa ndevu na kuingia mbioni kivyake. Ron Moody ndiye Vorobyaninov, Frank Langella ndiye Ostap, na padri ni Dom DeLuise.

Mimi niliitazama mwaka 2009, Tanga, sebuleni kwa marehemu baba. Baba alisoma Moscow katika miaka ya sabini, kwenye Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba. Baada ya mwaka wa maandalizi ya lugha, kitabu cha kwanza alichojikaza kukisoma mpaka mwisho kwa Kirusi kilikuwa hiki. Nakala yake ilikuwa imepoteza jalada, na pembezoni mwa kurasa alikuwa ameandika kwa penseli maana za maneno kwa Kiswahili. Ostap ana kauli ambayo Warusi huitumia mpaka leo, Lyod tronulsya, yaani barafu ya mtoni imeanza kusogea, na huiambatanisha na kuwaita wasikilizaji wake kama mtu anayehutubia mahakama. Kando ya mwito huo baba alikuwa ameandika "wazee wa baraza", na maandishi ya penseli yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka. Nyumbani kwetu kauli hiyo tuliijua kabla hatujaijua maana yake, kwa sababu baba aliitamka kila umeme uliporudi.

Usiku ule nilimletea DVD niliyoinunua Dar es Salaam. Alicheka sana kwa padri Fyodor, hasa pale anapojikuta juu ya jabali na kiti chake, hajui alivyopanda wala atakavyoshuka. Alilalamika kidogo kwamba Ostap ni mzuri wa sura kupita kiasi. Kisha, vikiwa vimebaki viti viwili hivi, umeme ukakatika. Tuliwasha kandili, na kwa kuwa hatukujua tungekaa gizani mpaka saa ngapi, nilimwomba anieleze mwisho.

Alinieleza taratibu, kwa sauti ya chini. Vorobyaninov, ambaye Ostap humwita Kisa, jina ambalo kwa Kirusi ni la kumbembeleza paka na kwetu ni la hadithi nzima, anaingiwa na tamaa ya kutogawana na mtu. Usiku wa kuamkia siku ya kiti cha mwisho anachukua wembe na kumchinja Ostap usingizini. Anakwenda peke yake kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli, anakipasua kiti, anakikuta kitupu, na mlinzi mzee anamwelezea kwa fahari kwamba almasi zilishapatikana humo na ndizo zilizoijenga klabu hiyo, na ukumbi wake, na taa zake. Baba alipofika kwenye wembe alinyoosha kidole cha shahada na kukipitisha polepole hewani, juu ya kandili, nikaona kivuli chake kikipita ukutani. Sikuwahi kusimuliwa hadithi vizuri namna ile.

Umeme ukarudi. Baba akasema Lyod tronulsya, tukaendelea, nami nikausubiri wembe. Haukuja. Katika filamu wote wawili wanafika klabuni wakiwa hai na wanaisikia habari ya almasi pamoja. Ostap anaaga na kuondoka zake. Hapo Vorobyaninov anakirusha juu kipande cha kiti alichobakiwa nacho na kujiangusha chini, akijifanya ameshikwa na kifafa, ule utapeli wa kuombea fedha ambao mwanzoni aliukataa kwa hasira kwa sababu mtu wa ukoo wake haombi. Ostap anageuka, anarudi, anaanza kuwakusanya wapita njia. Baba alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Wamemnyang'anya Kisa wembe wake."

Kila nilipokisimulia kisa hiki niliishia hapo, na ndipo nilipotaka kuishia leo. Lakini hakikuishia hapo. Baba aliniambia, "Mwanangu, hebu rudisha nyuma kidogo nimwone anavyoanguka." Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha tena. Mara ya tatu akasema kwamba kwa mtu wa namna ile, kujiangusha barabarani mbele ya watu waliokuwa wakimwamkia kwa kuvua kofia ni kujichinja mwenyewe. Nimelikwepa neno hilo miaka yote hii kwa sababu lilinivurugia hoja yangu.

Tena kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Ilf na Petrov wanalijua, nami nilikuwa nimeliacha kwa makusudi. Katika dibaji ya riwaya yao ya pili ya Ostap, Ndama wa Dhahabu, ya mwaka 1931, waandishi wenyewe wanaeleza kwamba walibishana vikali kama afe au aishi, hata wakatia vikaratasi viwili ndani ya bakuli la sukari, kimoja kimechorwa fuvu, wakapiga kura. Likatoka fuvu. Kisha wakaghairi, wakamfufua, akarudi katika riwaya hiyo na kovu shingoni. Nawezaje kumshitaki Brooks kwa kukichukua kile kikaratasi cha pili?

Kwa hiyo jibu langu sasa ni kwamba ilikuwa na haki, ingawa siitoi haki hiyo kwa kila filamu. Anayebadili mwisho ili watazamaji watoke wakichekelea tu, sina la kumtetea, na hata Brooks simsamehei moja kwa moja: katika riwaya Ostap anakufa bila kujua kwamba kiti kilikuwa kitupu, na maumivu ya kutojua huko hayamo katika filamu, wala hayawezi kuwamo. Nisingependa mtu aitazame filamu akadhani amemaliza hadithi. Aanze na kitabu, ikiwezekana asimuliwe sura ya mwisho na mtu aliyeipenda, ndipo atazame. Nakala ya baba ninayo mimi. DVD imekwaruzika mwishoni, na Vorobyaninov hukwama kidogo kabla ya kuanguka, lakini huanguka.