Wimbo wa kwanza uliochukua miaka tisa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: wimbo wa kwanza wa kundi ukivuma papo hapo, je, ni bahati au ni jasho? Nilisoma swali hilo nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Eldoret, na kabla sijafika dirishani jibu langu lilikuwa na jina: Diamond Rio, kundi la muziki wa kantri la Marekani.

Sisi wapenzi wa kantri huku Bonde la Ufa tuko wengi, na karibu sote tumelelewa na sauti za Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers. Diamond Rio niliwapata kwa mjomba wangu, dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba. Alikuwa na kaseti ya nyimbo mchanganyiko ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kushikwashikwa. Ikifika "Meet in the Middle" alikuwa akiongeza sauti bila kumuuliza mtu, akimaliza anarudisha nyuma.

Wimbo wenyewe uliandikwa na Chapin Hartford, Jim Foster na Don Pfrimmer. Unasimulia watoto wawili majirani. Kutoka kwa huyu hadi kwa yule kuna nguzo 700 za ua, na wote wawili hawajafika umri wa kuendesha gari. Basi kila mmoja anatoka kwao kwa miguu, mvua inyeshe au jua liwake, wanakutana katikati chini ya msonobari mzee. Wanakua, wanaoana chini ya mti huo huo, na sasa umesimama nyuma ya nyumba yao; wakikosana wanautazama, wanakumbuka kwamba kila mmoja ana nusu yake ya njia ya kutembea. Mtu aliyekulia Uasin Gishu haelezwi habari za seng'enge na barabara ya murram. Mimi nilidhani kwa muda mrefu kwamba wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya watu wa kwetu.

Ulitolewa mapema mwaka 1991 na kampuni ya Arista Nashville. Kufikia Juni ulikuwa namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ukakaa hapo wiki mbili. Kabla ya hapo hakuna kundi la kantri lililokuwa limefikisha wimbo wake wa kwanza kileleni mwa chati hiyo. Waimbaji wa peke yao walikwisha kufanya hivyo, lakini kundi, hapana.

Ukiishia hapo utasema ni bahati. Lakini hebu turudi nyuma.

Mwaka 1982, katika bustani ya burudani ya Opryland mjini Nashville, kitovu cha muziki wa kantri huko Marekani, kulianzishwa kundi lililoitwa Grizzly River Boys, baadaye Tennessee River Boys. Kazi yao ilikuwa kuwatumbuiza wageni waliokuja na watoto wao kubembea na kula aiskrimu. Wazia kupiga gitaa mchana wa jua kali mbele ya mtu ambaye hakuja kukusikiliza, ambaye anangoja tu foleni ya bembea ipungue. Wanamuziki waliingia na kutoka. Mmoja wa waliotoka mapema ni Ty Herndon, ambaye naye, akiwa peke yake, wimbo wake wa kwanza ulifika namba moja mwaka 1995. Nafasi za walioondoka zilijazwa mmoja mmoja, hata waliotimia sita mwishoni mwa miaka ya 80 hawakuwa na hata mwanzilishi mmoja kati yao.

Na hao sita walitoka pande mbalimbali. Marty Roe ndiye sauti ya mbele. Gene Johnson, mpiga mandolini, alikuwa ameiva katika bluegrass, muziki wa Kimarekani wa banjo, fidla na mandolini. Dana Williams wa besi ni mpwa wa ndugu wawili wa Osborne Brothers, majina makubwa katika muziki huo huo. Dan Truman alisomea piano ya muziki wa kale wa Ulaya. Nyuma yao Brian Prout kwenye ngoma, na Jimmy Olander kwenye gitaa. Gitaa la Olander lina kifaa kinachovuta uzi mpaka noti ipande taratibu, kama mtu anayeuliza swali. Sikiliza kiitikio: Roe yuko katikati, Johnson juu yake, Williams chini, na sauti tatu zinatua pamoja kama mlango unaofungwa vizuri. Kutua namna hiyo hakupatikani kwa mazoezi ya wiki moja.

Hata jina walilibadilisha mwishoni kabisa. Diamond Rio limetokana na malori ya Kimarekani ya Diamond Reo. Waliliandika kimakosa, wakaliacha hivyo hivyo. Mjomba alifariki kabla sijalijua jambo hilo. Kila nikilikumbuka natamani ningemwambia, yeye aliyemaliza maisha yake nyuma ya usukani.

Lakini linalonifanya niandike barua ndefu hivi ni jambo jingine. Nashville ilikuwa na desturi: kundi likiingia studio, mara nyingi kampuni huleta wapigaji wa kukodiwa, mafundi hodari wa kazi hiyo, na wenye kundi wanabaki kuimba tu. Diamond Rio walipiga vyombo vyao wenyewe katika rekodi zao. Unachokisikia kwenye ule wimbo ni vidole vile vile vilivyokuwa Opryland.

Najua uzito wa jambo hilo kwa sababu mimi ni mpiga besi. Kundi letu la watu watano limepiga harusi na harambee kwa miaka kumi na moja. Tulipokusanya pesa za kurekodi wimbo wetu wa kwanza, prodyuza wa studio tuliyokodi alituambia ngoma atazipiga kwa kompyuta, ni haraka na ni safi zaidi. Tulikubali. Mpiga ngoma wetu aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, fimbo zake zikiwa mapajani, akituletea maji. Hakusema neno. Wimbo ulitoka safi kweli, lakini kila aliyetujua kwenye harusi alituuliza kwa nini hausikiki kama sisi. Sikuwa na jibu, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu ni jasho, Mhariri. Bahati ilikuwepo, maana si kila kundi hupata wimbo mzuri kama ule. Ila ulipowafikia uliwakuta wako tayari. Baadaye chama cha muziki wa kantri, CMA, kiliwatuza kuwa kundi bora la mwaka mara nne, na mwaka 1998 wakapokelewa kuwa wanachama wa Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la redio huko Nashville.

Mwezi ujao tunaingia studio tena, nyingine. Tumeshakubaliana na mwenye nayo kwamba tutakuja na ngoma zetu, na wa kwanza kurekodiwa atakuwa yule wa kiti cha plastiki. Jana nilimkuta uani kwake akibadilisha ngozi ya ngoma ndogo, akiigonga, akisikiliza, akikaza skrubu moja, kisha anagonga tena.