Sindano ya bega lililoganda: niliyomwambia wifi yangu

Juzi usiku wifi yangu kanipigia simu analia, bega la kushoto, hawezi kulilalia, hawezi hata kufunga sidiria, kaambiwa achomwe sindano ya ndani ya bega na anaogopa. Nikamwambia wifi tulia, mimi nimepita hapo hapo.

Langu lilianza taratibu nikajua nimelala vibaya, nikachuliwa na mafuta ya karafuu wee, mwezi wa pili nikawa siwezi kushika bomba la daladala kwa mkono ule. Zahanati ya kwanza wakanichoma diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye makalio siku tano, nafuu ya masaa machache basi, nikajiaminisha kwamba sindano hazisaidii. Hapo ndo wengi tunachanganya. Hii ya bega ni nyingine kabisa, inaingia ndani ya jointi yenyewe, ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, imechanganywa na dawa ya ganzi, mimi nilipewa steroidi inayoitwa triamsinoloni miligramu 40, maana ule mfuko unaozunguka jointi unavimba halafu unakakamaa na kulibana bega.

Daktari wa mifupa alinibandika kiwiko ubavuni akajaribu kuupeleka mkono wangu nje, ukagoma kabisa, yani yeye mwenyewe anasukuma na hauendi. Eksirei ikatoka safi. Akaniuliza, mama una sukari? Ninayo, mwaka wa sita huu. Akasema bega hili linawapata sana watu wa sukari na wenye shida ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, umri wa miaka 40 hadi 60, na wanawake zaidi.

Sindano yenyewe ni dakika chache, anaangalia kwa altrasaundi, anaingilia nyuma ya bega, unasikia kama kitu kinajaa ndani. Usiku wa kwanza liliniuma kuliko jana yake, nikajuta kweli. Siku ya nne nikalala mpaka adhana ya alfajiri, mara ya kwanza baada ya miezi mitano.

Ila kuna kitu sikuambiwa na bado kinaniuma, sukari inapanda. Mimi nacheza kwenye 7 au 8, kesho yake mashine ikasoma 16.8, nikadhani imeharibika nikapima tena. Ilichukua kama siku tano kushuka. Kwa hiyo mwenye sukari mwambie daktari wako KABLA, pima asubuhi na jioni wiki nzima, na usijiongezee dozi ya dawa za sukari kienyeji. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una homa au kidonda karibu na bega, sema pia kabla hajachoma.

Kosa langu kubwa lilikuwa baada ya hapo. Maumivu yakaisha nikastarehe, wiki tatu sijafanya zoezi hata moja, wakati sindano haifungui bega, inakutulizia maumivu kwa wiki kadhaa ili wewe ulifungue. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya tiba, ndo alinishtua, akaniambia kuna utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2020, wagonjwa 503, walilinganisha sindano pamoja na mazoezi, kunyooshwa bega ukiwa umelazwa usingizi, na upasuaji wa matundu, baada ya mwaka hakuna iliyoziacha nyingine mbali. Sasa mtu anakimbiliaje kisu kabla hajajaribu hii? Na ichomwe mapema, wakati maumivu bado makali, mimi niliyeenda baada ya miezi mitano nilikuta limeshakaza sana.

Zoezi langu ni kutambaza vidole kwenye ukuta wa jikoni, nachora alama kwa penseli na tarehe pembeni. Alama ya kwanza iko usawa wa kidevu, ya juzi imepita swichi ya feni, na kanga nafunga mwenyewe kwa nyuma japo kwa kujikunja kidogo.

Wifi sindano yake ni Alhamisi. Hajawahi kupima sukari maishani, kwa hiyo kesho asubuhi nampelekea mashine yangu apime kabla hajanywa chai.